Figa la Tatu la Mama Glory

Tumekuja Kerenge kumsindikiza Evodia Kasmiri, Mama Glory, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kambi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Baba yake, Mzee Kasmiri, alitoka Kasulu akiwa manamba, kibarua wa mkataba shambani, na hakurudi tena kwao.

Marehemu alisoma Old Korogwe hadi darasa la saba, mwaka 1969. Mwaka 1971 aliajiriwa kiwandani hapo shambani kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, akaifanya kazi hiyo hadi kiwanda kilipofungwa. Hukohuko alikutana na dereva wa trekta, Nicolaus. Walifunga ndoa kanisani mwaka 1975, na kiwanda kilipofungwa wakahamia Kerenge kulima na kufuga.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2014. Daktari hakuzunguka: moshi wa kuni ndio unaommaliza. Mzee Nicolaus aliogopa sana. Alimwita fundi Iddy kutoka Handeni, wakajenga mtambo wa biogesi kando ya zizi. Samadi inaingia shimoni, gesi inafika jikoni kwa bomba. Marehemu aligoma.

“Baba Glory, hayo mavi ya ng'ombe, wapikie ng'ombe wako. Mimi nina mafiga yangu.”

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mzee akaona hata mawili hayainjiki. Siku marehemu alipokwenda kusali jumuiya, Mzee alilibeba figa moja akalilaza juu ya mfuniko wa mtambo, na kwa kifua kile marehemu hakuweza kulinyanyua. Alinuna wiki nzima. Mwishowe akapika maharage kwa gesi, akamwonjesha jirani yake Rhoda bila kumwambia kitu. Rhoda akaomba aongezwe. Tangu hapo marehemu alipika kwa gesi na kikohozi kikapungua, ila hakuacha kudai.

“Nirudishie figa langu.”

“Ukipona,” Mzee alimjibu kila mara.

Lakini mapafu yalikuwa yameshachoka. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, Glory, Denis na Efrazia, pamoja na wajukuu saba. Biogesi haitoshi kulisha msiba, hivyo leo sufuria kubwa imeinjikwa kwa kuni nyuma ya nyumba, juu ya mafiga matatu. La tatu amelirudisha Mzee Nicolaus mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Mama Glory, mahali pasipo na moshi.