Bi Mawe na Mstari Mwekundu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mwalimu wa sayansi ambaye wanafunzi wake walimwita Bi Mawe. Mwalimu wa sayansi, narudia, maana wapo waliodhani ni fundi ujenzi. Pochi yake haikubebeka. Ndani hamkuwa na poda wala kitana, mlikuwa na mawe matupu.

Tangu usichana wake alikuwa na swali moja: hiki ni nini? Akiokota jiwe, atalikwaruza kwa ukucha, atalidondoshea siki, atalilamba. Ndiyo, atalilamba. Mumewe anasimulia kwamba walipooana tu, alimkuta bafuni amekunja uso. Kumbe amelamba shabu ya mumewe, lile jiwe la kujipaka baada ya kunyoa ndevu, akidhani ni chumvi ya mawe. "Nikajua nimeoa mtihani," anasema mzee, na hadi leo anacheka.

Atomu aliifundishia uwanjani. Mtoto mmoja katikati, huyo ndiye kiini. Wengine ni elektroni, wanamzunguka kwa mbali. Kisha anawauliza, kati yenu na kiini pana nini? Hapana kitu, mwalimu. Basi hata jiwe hili, anawaambia, sehemu kubwa ni nafasi tupu. Watoto walirudi nyumbani wakigonga kuta kwa mashaka.

Halafu presha ya macho ikamwanza. Polepole, polepole, mpaka akawa haoni kabisa. Mkuu wa shule, mtu mwema lakini mwoga, akamwambia sasa apumzike. Bi Mawe aliumia sana, maana darasa ndilo lilikuwa maisha yake. Akaomba kipindi kimoja tu. Kila mwanafunzi alete jiwe. Akishindwa kufundisha, ataondoka mwenyewe.

Mkuu akaja, akakaa nyuma kabisa. Jiwe la jasi Bi Mawe alilitambua kwa ukucha, kwa sababu ni laini. Jiwe la chokaa alilisikia likichemka kwenye siki. Chumvi, ah, hiyo mnajua wenyewe alivyoijua.

Ndipo akapewa jiwe zito. Haya ni madini ya chuma, akasema, lakini ya aina gani? Hematiti na limoniti zinaweza kufanana mno mkononi. Dawa yake ni kusugua jiwe kwenye mgongo wa kigae na kutazama mstari wake. Mwekundu, hematiti. Wa manjano, limoniti. Na kutazama ndiko kulikomshinda.

"Vidole vyangu vimefika mwisho," akasema. "Hapa panataka macho. Nani ataniazima yake?"

Kimya. Akasubiri. Bado kimya. Uso ukamshuka, mkono ukaanza kupapasa meza kutafuta pochi, aondoke zake.

Msichana wa dawati la mbele akamwambia, "Mwalimu, tumenyoosha mikono. Sote. Hata mkuu."

Bi Mawe akakaa chini, akalia mbele yao bila kuona haya. Mstari ulikuwa mwekundu. Alifundisha hadi kustaafu, na kila kipindi darasa lilikuwa macho yake.

Juma hili ametutoka, akiwa nyumbani kwake. Mzee, pamoja na mabinti zako, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia.

Na wewe unayetusikiliza, uliyeomba msaada ukasikia kimya, usiondoke kwanza. Uliza tena. Huenda mikono iko juu.