Meza Ndefu ya Shule ya Wazungu

Sogeeni karibu, Delphine na Roscoe wanangu, na wewe Cleotis ndugu yangu kaa hapo miguuni, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na daktari mnajua alichosema. Nikinyamaza kidogo mjue napumzika tu.

Nyumba hii ni ya Delphine, kwa kuwa ndiye aliyerudi Georgia kuniuguza. Shamba la ng'ambo ya barabara ni la Roscoe, lakini nisikilize vizuri, Roscoe: usiliuze. Mnajua kuwa ni shamba la babu yenu, ila hamjui lilivyotaka kumponyoka kwa ajili yangu.

Zamani zile sisi weusi tulikuwa na shule zetu na wazungu zao; serikali iliposema kila mzazi achague shule ya mtoto wake, wengi wetu waliogopa kuchagua, na walikuwa na kila sababu ya kuogopa. Mama alituandikisha mimi na Cleotis shule ya wazungu. Wiki haikwisha, yule bibi wa kizungu ambaye Mama alikuwa akimpikia akamwambia asikanyage tena jikoni kwake, na wakati wa mavuno kiwanda cha kuchambua pamba kikaikataa pamba ya Baba, ikabidi aipeleke wilaya ya jirani kwa lori la kuazima, na deni la shamba nusura limshinde. Watu wakamjia kumshauri atutoe, yaishe. Baba akanikalisha kwenye ngazi za uani akaniuliza mimi, mtoto, "Verlene, unataka kurudi shule yetu?"

Nikamwambia naipenda shule yetu na walimu wetu, lakini nimeiona maabara ya wale watu, ina mabomba ya gesi na mizani ndani ya vioo, na nataka kuigusa kabla sijafa. Baba akacheka, na alikuwa hajacheka tangu mavuno yaanze.

"Basi nenda ukaiguse," akasema. "Pamba niachie mimi."

Cleotis alikuwa darasa la kwanza, na usijifanye umesahau, Cleotis, ulivyorudi siku ile ukisimulia kwamba mtoto wa kizungu amekushika nywele, nawe ukamshika zake, ukaona ni kama nyuzi za mahindi. Wadogo walikuwa bado hawajafundishwa chuki ikawakaa. Sisi wakubwa tulikuta wenzetu wamefuzu. Kwenye ukumbi wa chakula nilipokaa tu kwenye ile meza ndefu, wasichana wote waliinuka, na mmoja wao, Carlene Stroud, akaniuliza, "Mkija kukaa nyinyi huku, sisi tutakaa wapi?"

"Viti vipo vingi," nikamjibu, nikafungua chakula changu.

Mama alikuwa akinifungia vipande viwili vya pai ya viazi vitamu, kimoja changu, kingine cha atakayekaa nami. Kila siku nilirudi na cha pili, Mama haulizi kitu, Cleotis anakila njiani. Hata masika yalipofika, siku moja Carlene akaja akakaa mbele yangu. Baba yake alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na nadhani alikuwa na njaa. Nikamsogezea pai. Akala yote, akaniuliza mama yangu anatia nini humo, nikamwambia karafuu na kungumanga, na tukacheka kitu ambacho sikikumbuki tena. Kesho yake kaka yake alimvuta mkono mbele ya watu wote, na kuanzia hapo Carlene akanitukana kuliko mwanzo.

Wengine wote nilishawasamehe zamani. Yeye nilishindwa, kwa sababu alikuwa amekula chakula cha mama yangu.

Mwaka uliofuata walikuja wasichana wengine weusi, meza ikaanza kuwa na kelele, na maabara niliigusa mpaka wakanipa funguo zake, maana nilirudi pale kuwa mwalimu wa kemia, kama mjuavyo. Msilolijua ni kwamba Carlene alikuja mlangoni kwangu siku moja akiwa na binti yake.

"Wamempangia darasa lingine," akasema. "Nataka umfundishe wewe. Najua nilivyokufanyia."

Nilifungua mlango wote. Halafu nikamwambia, "Mwache kwangu. Na wewe karibu ndani." Binti yule sasa ni mfamasia, ndiye anayenifungia dawa hizi. Kinyongo hakikuniisha siku ile, kiliisha polepole, kwa kumsahihishia mtoto wake kazi. Lakini kimeisha, wanangu, na siwaachii. Carlene akija mazikoni, mpeni kiti pamoja na familia.

Delphine, niinue mto. Hapo. Ahsante, mama.

Nizikeni na gauni la kijani, si jeusi. Mchungaji asiseme sana. Roscoe, patana na dada yako kuhusu ule uzio mnaougombania kabla sijafukiwa... Vitabu vyangu wapeni shule. Nishikeni mkono, huu wa kulia siusikii.

Mungu awatangulie kila mlango mtakaoingia mkiwa wa kwanza... awape na wa kuwafuata. Watoto wenu wazeeke... wakiwa wanacheka.

Cleotis, ule wimbo wa Mama. Mimi pumzi haitoshi kuuanza. Anza wewe... nitadakia.