Nusu Asubuhi, Nusu Jioni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana hilo neno "Bwana" lilinishinda kulitamka mwaka mzima. Midomo haikukutana.

Mimi ni Mama Yona wa hapa hapa Pongwe. Mnaukumbuka ule uvimbe wa taya la kushoto. Madaktari waliuondoa pamoja na mfupa wenyewe. Uso ukalalia upande mmoja, nikawa mtu wa uji na mchuzi, na kwenye kwaya nikashika kitabu tu. Niliona haya, jamani! Nilijifunika kanga hadi puani.

Ndipo daktari akanieleza jambo la ajabu. Watakata kipande cha mfupa uliobaki, wakifunge kwenye chuma chenye skrubu. Nyumbani tuizungushe nusu mzunguko asubuhi, nusu jioni. Kipande kitasogea taratibu kuelekea kwenye pengo, na nyuma yake mwili utajaza mfupa mpya. Nikamwandikia kwenye karatasi: "Huo mfupa unatoka wapi?" Akacheka. "Hapo hata mimi nashangaa, mama."

Mume wangu alipopewa ufunguo wa kuzungushia skrubu, aliurudisha mezani. Jirani yetu Bi Mwanaisha, fundi cherehani, akautwaa. Baada ya swala yake ya alfajiri, na tena baada ya magharibi, alikuja, akasema "Bismillahi," akazungusha nusu. Hakuzidisha hata siku moja. Mimi kutwa najipapasa: kumeota? Bado?

Sasa nitubu mbele yenu. Nilijiambia, mwenye imani haendi kwa nusu nusu! Nikachukua ufunguo, nikasimama mbele ya kioo, nikawa naongeza kwa siri. Siku nne! Kwenye picha daktari akakuta kipande kimekimbia, mfupa mpya haukufuata. Utando mwembamba tu. Ikabidi turudishe nyuma, tungoje, tuanze tena. Nililia sana. Bi Mwanaisha hakunigombeza.

"Mwanangu, hata kitambaa ukikivuta kwa pupa mshono huachia. Mola hana haraka, wewe wenda wapi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa! Pupa ilikuwa imenifunga kuliko ule uvimbe. Tangu siku hiyo niliomba nusu asubuhi na nusu jioni, nikatulia. Skrubu ilipofika mwisho, chuma kikakaa miezi mingine mfupa ukomae, kisha kikatolewa.

Leo nikigusa hapa, pagumu! Meno upande huu sina, siwadanganyi, lakini asubuhi nimetafuna muhogo wa kuchoma. Mfupa huu umetoka wapi? Bado sijui, na bado nauliza, na Mungu hajanikasirikia kwa kuuliza.

Wewe uliyechoka kungoja, ibada ikiisha njoo uweke kidole chako hapa. Ndipo ukate tamaa, kama utaweza.

Bi Mwanaisha yuko pale mlangoni, amekataa kiti, anasema atasikilizia hapo hapo. Bi Mwanaisha, itazame midomo yangu: Bwana asifiwe!