Maisha ya Elisifa Mtui, Fundi wa Vidonge

Dada yetu Elisifa Eliufoo Mtui alizaliwa Marangu tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mzee Eliufoo na mama Aikaeli.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hukuhuku mlimani, kisha akasomea utengenezaji wa dawa Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1984. Mwaka 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu Isack Lyimo, dereva wa malori ya mpakani Holili, wakajenga nyumba Shirimatunda, Moshi.

Kazi yake ndefu ilikuwa katika kiwanda kidogo cha dawa mjini Moshi. Mwaka 2009 vidonge vya homa vya watoto vilianza kumeguka chupani. Mkuu wake, Bwana Aristides, aliagiza gundi ya wanga iongezwe. Elisifa alidondosha tone la gundi hiyo juu ya unga wa dawa. Likasimama duara, kama umande juu ya jani la gimbi.

"Unga huu unaikataa gundi," alisema. "Tukiongeza, tutapata madonge yenye unga mkavu ndani."

"Mama Grace, mzigo unasubiriwa," Bwana Aristides alimjibu.

"Unasubiriwa na watoto wagonjwa. Mtoto akipewa kidonge kilichomeguka, dawa yake imebaki chupani. Mimi sisaini."

Mashine zikazimwa. Kwa wiki tatu hakula vizuri, akijua anaweza kufukuzwa wakati wowote. Alijaribu mara kumi na moja. Mwishowe alichanganya kwenye gundi kiasi kidogo sana cha kitu cha jamii ya sabuni, kinachoruhusiwa katika dawa. Tone likaenea, likazama. Chembechembe za unga uliochanganywa na gundi zikatoka sawasawa, vidonge vikashikana, na vilipotiwa majini vikayeyuka inavyotakiwa. Bwana Aristides aliangusha kimoja sakafuni, akakiokota kizima. Elisifa aliketi juu ya gunia la wanga, akacheka hadi machozi yakamtoka. Alistaafu mwaka 2021.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Maumivu yalimtesa sana, nasi tukateseka naye. Wiki ya mwisho dawa zilimtuliza, akamwambia binti yake Grace, "Leo nimelala usingizi wa kweli." Aliaga dunia nyumbani, asubuhi ya Jumanne, 10 Juni 2025, Isack akiwa amemshika mkono. Tunalia, lakini tumeshusha pumzi, maana haumwi tena.

Ameacha mume, watoto watatu, Grace, Basili na Hilda, wajukuu watano, nami mdogo wake Veronika ninayewasomea haya.

Bwana ampumzishe dada yetu kwa amani.