Bi. Celina Ruguru na Mabuu ya Siku Moja

Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, Bi. Celina Ruguru anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha kukuza malkia wa nyuki, hapa nje ya Siakago. Mimi Kiunga ndiye ninayerithi meza yake, na nakiri mapema kwamba naogopa.

Aliajiriwa mwaka 1992 kufagia maabara. Baada ya miaka mitatu alikuwa akihamisha mabuu ya nyuki kwa sindano, pumzi ameibana, na ole wake aliyepiga chafya karibu! Alitufundisha kwamba buu la malkia na la mfanyakazi huanza na jeni zilezile. Buu likilishwa kwa wingi maziwa ya nyuki, ute mweupe wa nyuki walezi, homoni hupanda mwilini, zikaamsha jeni fulani na kunyamazisha nyingine, na malkia akaumbika. Baada ya siku ya tatu, njia hiyo huanza kufungwa. Ndiyo maana yeye huchagua buu la siku moja, dogo kuliko punje ya wimbi.

Mwaka 2019 nilichagua mabuu ya siku nne kwa sababu yalionekana kwa urahisi. Wakatoka nusu malkia, wasioweza kutaga vya kutosha, na mizinga kumi na moja ya wakulima ikabaki mitupu. Nilitaka kusingizia ukame. Bi. Celina alinivalisha kofia ya wavu, tukazunguka boma kwa boma na malkia wapya, akisema kila mlangoni, "Wazee, tulikosea sisi. Tumekuja kurekebisha." Aibu ile sijaisahau, wala chai tuliyopewa.

Wiki iliyopita nilihamisha mabuu arobaini peke yangu. Ukame umetuachia makundi sita tu ya nyuki. Nikiharibu, hakuna malkia wengine mwaka huu. Nimemwomba mara mbili akague. Amecheka, akaenda zake kunywa uji.

Jana nilifungua daftari la maagizo. Jina la kwanza ni lake: malkia watano kutoka fremu yangu ya yale mabuu arobaini, kwa mizinga anayoitegemea uzeeni. Watatoka Ijumaa, tukiwa tunakata keki.

Asante, Bi. Celina, kwa macho yako na subira yako. Tunakuombea mapumziko marefu na mizinga iliyojaa. Nami Ijumaa nitakuja na kofia ya wavu, endapo nitakuwa nimekosea tena na mlango wa kwanza wa kupiga hodi utakuwa wako.