Upande Unaotazama Mlango

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya magurudumu mawili ya lori, kati ya duka la dawa za mifugo na stendi ya magari ya Mwala, hapa mjini Machakos. Baridi ya Julai ikishuka kutoka vilima vya Iveti, haipiti hapo bila kukusalimia. Mbinya huuza kahawa ya tangawizi pembeni, na kahawa yake ni chungu kiasi cha kumtoa mtu ukweli, ingawa kwa wateja wake wa kila siku bado haijafaulu. Wateja hao ni watatu. Spika, ambaye jina lake ni Gatimu, huuza vitunguu kutoka Yatta, na wamemwita Spika kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuongea kabla yake. Bishop ni Bartholomew, aliyewahi kuwa mzee wa kanisa kwa muda mfupi, na hakuna anayeuliza kwa nini ulikuwa mfupi. Wa tatu ni Kamishna, yaani Onesmus, fundi wa viatu, mtu mpole aliyepata cheo hicho siku alipovaa koti la kaki lililomzidi mabega. Jumatano hiyo Kamishna alikuwa na mashaka, na kahawa yake ilimpolea mkononi.

— Intavyu ni kesho asubuhi, — akasema Kamishna. — Kila mwanafunzi akuje na mtu wa kwao. Nitaulizwa maswali, na tangu niache shule sijawahi kuulizwa swali na mtu amevaa tai.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa binti yake, Kavindu, wa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Shirika fulani lilikuwa linatafuta wanafunzi wachache wa kuwasomesha kazi moja tu, kuhudumia wazee. Kavindu akikosa ufadhili huo, masomo yake yangekatika muhula huu, arudi nyumbani akae. Kamishna alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba kwenye mahojiano hayo binti yake hakuwa na wa kumwogopa ila baba yake.

— Kwanza niambie, — akasema Spika. — Kuangalia wazee kunasomewa? Si unampea uji, unamtoa nje aote jua, basi? Mama yangu ako Yatta, hakuna nesi amewahi kumshika, na bado anagombana na majirani.

— Kunasomewa. Kavindu anasema mwili wa mzee si kama wetu umechoka. Ni mwili ingine kabisa.

— Haya, sikiza basi. Hao watu wa skolashipu wanataka machozi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hivyo wewe usiiname hata kidogo. Simama wima, ulie ukiwa umesimama.

— Hiyo methali haiendi hivyo, — akasema Mbinya, akipuliza makaa.

— Inaenda mahali nimeipeleka.

Bishop akakohoa, kama afanyavyo kabla ya kupotosha watu.

— Machozi hapana. Hao wanataka siri. Huko ng'ambo mzee anaishi kwa tembe. Wa kwetu anakula mahindi ya muthokoi miaka tisini na meno anayo. Unafikiri hawajaona? Wanasomesha msichana ndio awapelekee habari.

— Habari gani?

— Ya muthokoi! Wakishaijua wanaitia kwa chupa, wanaturudishia kama dawa.

Spika hakubali kupitwa.

— Chupa ni kidogo, Bishop. Watabeba wazee wenyewe. Huko kwao wazee hawana mtu wa kuongea naye, wamebaki na mbwa. Siku moja mtasikia ndege imetua Mwala, kwa mchanga wa mto, inapakia nyanya za watu, mmoja mmoja, na viti vyao.

— Asi! Na sisi?

— Sisi tutabaki kwa benchi.

Wakacheka. Kamishna naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa na hakikukaa. Bishop akamgeukia.

— Na mama, Kamishna? Yule wa Mwala. Anaendelea aje?

— Ako sawa. Ni uzee tu.

Jibu hilo alikuwa ameshalitoa mara nyingi hadi likawa linatoka lenyewe. Mama yake alianguka mwaka jana, na tangu hapo hatoki kitandani. Kamishna alimwendea Krismasi. Akakaa uani, akala, akapigwa picha na mbuzi, kisha akasimama nje ya pazia la chumba cha mama yake na kumsalimia kwa sauti. Hakuingia. Kwa Wakamba wa umri wake mwanamume mzima hakanyagi anapolala mama yake. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya kuoneana haya, na Kamishna aliishika. Akarudi Machakos akiwa ametimiza wajibu wake.

Mara Kavindu akatokea upande wa stendi, sare ya uuguzi ikichungulia chini ya sweta. Hakuwa amewahi kufika kwenye hilo benchi, kwa kuwa wasichana hulipita wakiangalia mbele.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, daktari! — Spika akasogea. — Kaa, kaa. Baba yako tumemnoa tangu asubuhi.

— Mwaitu, njoo karibu nami, — akasema Kamishna. Humwita hivyo tangu utotoni, mwaitu, mama yetu, kwa kuwa mtoto alipewa jina la nyanya yake wa Mwala.

Kavindu akakaa kwenye ncha ya ubao.

— Baba, nimekuja tujaribu kidogo. Wamesema mimi wataniuliza mambo ya chuo. Wewe watakuuliza juu ya mzee ninayemwangalia. Juu ya susu.

— Juu ya nyanya ndiyo rahisi! — Spika akadakia. — Uliza.

— Susu hulalia upande gani?

Kamishna akafungua mdomo. Akaangalia kikombe, akaangalia Bishop.

— Si... ule wa kawaida?

— Hilo si swali la intavyu, — akasema Spika. — Wale ni watu wakubwa, watauliza mambo makubwa.

— Na mwanamume hawezi kujua hiyo, — Bishop akaongeza. — Ni nthoni. Unataka baba yako aingie chumbani kwa mama yake?

— Sawa, Mzee Bishop. Na mama yako hulalia upande gani? Wako je, Mzee Spika?

Spika, mtu wa maneno kama mvua ya Novemba, akaanza kuondoa uchafu kwenye kucha. Kavindu alipoongea tena, aliongea polepole, bila ukali, na hilo lilimuumiza baba yake zaidi.

— Hulalia kulia. Na kwa nyonga hiyo ya kulia ametoka kidonda, cha kulala mahali pamoja. Kila wikendi nikienda nakiosha, nakifunga. Nimemwonyesha Kalekye wa jirani vile ya kumgeuza. Tunamgeuza vizuri, tunamwekea mto. Tukitoka tu, anashika ukingo wa kitanda, anajivuta kidogo kidogo, mpaka anarudi kukilalia kidonda.

— Kwani hasikii uchungu? — Mbinya akauliza.

— Anasikia. Analia akijivuta.

— Sasa mbona anarudi?

— Ule upande mwingine ni ukuta. Huu unaangalia mlango.

Utingo wa gari la Mwala alikuwa akiita abiria pale stendi. Kamishna hakumsikia. Alikuwa amerudi nje ya lile pazia, siku ya Krismasi. Alikuwa amesema, "Mwaitu, ni mimi." Na sauti ya mama yake ikajibu kutoka ndani, "Onesmus? Ingia." Akacheka wakati ule. Alidhani ni uzee, kwamba mama amesahau desturi ambayo alimfundisha yeye mwenyewe. Akamjibu wataonana, akaenda zake.

— Si mgeuze kitanda! — Spika akapata sauti. — Kichwa kije huku, miguu iende kule. Awekwe pale anaona mlango akilalia ule upande hauna kidonda. Hiyo ni kazi ndogo.

— Kitanda nitageuza, — akasema Kavindu. — Kalekye atanisaidia. Mlango atauona. Lakini, Mzee Spika, nani ataingia?

Swali lilikuwa jepesi hivyo.

Kamishna aliona aibu. Si ile nthoni ya kusimama nje ya pazia, bali aibu yenyewe, ya mtu aliyejificha nyuma ya heshima miezi yote hiyo na kuiita heshima. Yale machozi Spika aliyoyaagiza ya kesho yakamjia leo, akiwa ameketi, ameinama, na hayakuwa ya mtu yeyote wa skolashipu. Kavindu akamshika kiwiko.

— Mwaitu, — akasema Kamishna alipoweza. — Hicho kidonda, naweza kukiona?

— Unaweza.

— Na nisimvunjie heshima?

— Baba, kila nikienda huwa ananiambia neno moja. "Nilimwambia aingie."

Kamishna akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa bado imejaa. Akasimama, akafunga vifungo vya lile koti la kaki, vyote, kama mtu anayeitwa mbele ya mkubwa wake.

— Utanionyesha vile ya kumgeuza?

— Nitakuonyesha.

— Na kesho? — Spika akauliza, safari hii kwa sauti ya chini. — Intavyu je?

— Tutatoka huko Mwala alfajiri.

— Wakikuuliza utasema nini?

— Nitasema nitakachoona leo. Na nitaanza na kwamba sikuwa najua.

— Hiyo inaweza kumkosesha msichana, Kamishna.

Kamishna akamwangalia binti yake. Yeye alikuwa ameshasimama, mfuko begani, anamngoja.

— Sema hivyo hivyo, baba, — akasema. — Twende.

Wakaondoka kuelekea stendi, baba nyuma na binti mbele. Benchini hapakuwa na mzaha tena. Bishop alitoa simu mfukoni, akaiangalia, akairudisha, akaitoa tena. Spika alitazama pengo lililobaki kwenye ubao, kisha akanyoosha kikombe chake kwa Mbinya bila kumwangalia.

— Niongeze.

Mbinya akafunua birika. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni, linafuka moshi wa tangawizi. Akalifunika tena, akaanza kuondoa makaa.

— Kahawa imeisha, — akasema. — Nendeni kwa mama zenu.