Tikiti la Nyuma ya Jiko

LUCIANA: Haloo? Misheni Ilemba hapa. Nani mwenzangu?

CORNELIA: Dada yako Cornelia, bingwa wa matikiti Sumbawanga nzima. Haya, tuseme bingwa wa majani. Matunda yenyewe yaligoma.

LUCIANA: Shikamoo, dada.

CORNELIA: Marahaba. Paza sauti, simu hii ya posta inakaanga bisi.

LUCIANA: Shemeji Alois anaendeleaje? Lile tikiti nililompelekea mgonjwa—

CORNELIA: Alilila lote. Hata ganda alilikwangua kwa kijiko.

LUCIANA: Lote?

CORNELIA: Mbegu tu ndizo alizotema. Sasa mdogo wangu, nitumie mengine manne leo hii, kwa lori la misheni. Pamoja na mashina yake, majani yote.

LUCIANA: Mashina ya nini?

CORNELIA: Ya mbuzi.

LUCIANA: Umenunua mbuzi lini?

CORNELIA: Luciana, kesho asubuhi akina mama wa vijiji vitatu wanakuja kujifunza bustanini kwangu. Bwana shamba kanipa jembe jipya kwenye maonyesho, mbele ya watu, eti nimestawisha tikiti kwenye baridi yetu hii. Wakapiga makofi. Nikaangalia miguu yangu tu.

LUCIANA: Kwani hukustawisha?

CORNELIA: Yaliyobaki ni kama ngumi. Ngumi ya mtoto. Ila lile la maonyesho lilikuwa langu, la nyuma ya jiko. Nililinywesha maji ya kuoshea vyombo.

LUCIANA: Dada... bwana shamba yuko hapa uani.

CORNELIA: Hapo?

LUCIANA: Kaja nalo kwenye kikapu. Anatuzungushia watu wa bondeni tuone haya: joto lote hili, na mama wa Sumbawanga katushinda.

CORNELIA: [simu inakwaruza] Halijakatwa?

LUCIANA: Nimelishika kwa mikono yangu. Chini ya kikonyo lina msalaba.

CORNELIA: Matikiti mengine huzaliwa na ala—

LUCIANA: Niliuchora mimi, kwa mwiba, likiwa kama yai. Yote ya shambani kwangu nayachora hivyo, wezi waogope. Kovu likakua nalo.

CORNELIA: Umemwambia?

LUCIANA: Bado. Nangoja uniambie mimi kwanza. Shemeji alikula nini?

CORNELIA: [anagongagonga simu] Haloo? Haloo?

LUCIANA: Dada?

CORNELIA: Sikusikii, mdogo wangu. Dakika zangu zimekwisha, wananikatia—

OPERETA: Hazijaisha, mama. Bado moja na nusu. Mjibu.